Msimu Mmoja na Garganega: Ya Kujua Kabla ya Kwenda Kuchuma Zabibu Soave

Ikikaribia Agosti, vijana wetu wanaosoma kaskazini mwa Italia huanza kuulizana kuhusu vibarua vya kuchuma zabibu. Wengi hudhani zabibu ni zabibu: unapewa mkasi, unakata, unalipwa, unarudi zako chuoni. Mimi nimezaliwa Hombolo, Dodoma, kwenye nyumba ambayo ada za shule zilitoka kwenye mizabibu, na hata hivyo niliyoyakuta kwenye vilima vya Soave yalikuwa kazi nyingine kabisa. Nayasimulia kwa mpangilio niliopitia, pamoja na hela iliyonitoka, ili atakayefuata aende akijua anachokwenda kukutana nacho.

Kwanza ujue zabibu yenyewe. Soave ni mji mdogo wenye ngome na kuta za kale, mashariki mwa Verona. Mvinyo mweupe unaobeba jina la mji huo hutengenezwa kwa zabibu iitwayo Garganega. Kanuni zinataka isipungue asilimia 70. Kinachobaki huwa Trebbiano di Soave au Chardonnay, na wakulima wengi wa vilimani hawachanganyi kitu, wanatumia Garganega tupu. Si zabibu ya juzi. Pietro de' Crescenzi wa Bologna aliitaja kwenye kitabu chake cha kilimo mwanzoni mwa karne ya 14, na vipimo vya vinasaba vya miaka ya karibuni vimeonyesha kwamba ina undugu na zabibu nyingi za Italia, na kwamba ile ambayo watu wa Sisilia wanaiita Grecanico Dorato ni hii hii.

Ila kwa kibarua, jambo kubwa kuliko historia yote hiyo ni kwamba Garganega inachelewa kuiva. Wenzako walioenda kwenye Pinot Grigio au zabibu za Prosecco wameshamaliza na kulipwa, wewe bado unasubiri simu. Vilimani huanza kuchumwa kuelekea mwisho wa Septemba na huendelea hadi katikati ya Oktoba, ingawa miaka ya joto kali husogea mbele kidogo. Na mwanzoni mwa Oktoba ndipo vyuo vinafunguliwa. Kwa hiyo ukipanga kwamba utachuma Septemba yote halafu ulipe kodi ya chumba ya Oktoba, umekwama. Kodi hiyo mimi niliilipa kwa kukopa kwa dada mmoja Mkenya tuliyekuwa tukiishi naye, na nilimrudishia Novemba.

Kuna na suala la saa. Kibali cha kuishi cha mwanafunzi kinaruhusu kazi saa 20 kwa wiki, zisizozidi 1,040 kwa mwaka. Wenye mashamba wanataka mtu wa kutwa nzima, siku zote, mpaka zabibu ziishe. Lazima useme mapema. Kuna watakaokukatalia papo hapo, na ni afadhali wakukatalie mwezi Agosti kuliko kukuachisha katikati ya mavuno. Aliyenikubali alinipa Ijumaa, Jumamosi na asubuhi za Jumapili.

Kabla ya huyo, nafasi ya kwanza niliyoitiwa ilipitia kwa dalali. Alikuwa na gari dogo la kubeba watu, anapita kuwachukua alfajiri, na kila mtu anakatwa euro kadhaa kwa siku kwa ajili ya usafiri. Nikauliza mkataba. Akasema mkataba utakuja. Nikauliza jina la shamba, akasema nitaliona nikifika. Sikwenda. Mwenzangu mmoja alikwenda, na mwisho wa mwezi hati yake ya mshahara ilikuwa na nusu tu ya saa alizofanya; nyingine alilipwa mkononi, pungufu, na nyingine hakulipwa kabisa. Udalali wa namna hii Waitalia wanauita caporalato, na sheria namba 199 ya mwaka 2016 inamwadhibu dalali pamoja na mwajiri anayemtumia. Lakini sheria haikusaidii kama huna karatasi yoyote ya kuonyesha. Kwa hiyo: namba ya mlipakodi mkononi kabla hujatafuta kazi, mkataba uliosainiwa kabla ya siku ya kwanza, na daftari lako mwenyewe la saa ulizofanya. Kila jioni niliandika, hata nilipokuwa nimechoka kiasi cha kutotaka kushika kalamu.

Malipo yangu hayakufika euro 10 kwa saa kabla ya makato. Na kabla sijakata hata kishada kimoja nilikuwa nimeshatumia zaidi ya euro 150: viatu vya shambani, koti la mvua, glavu, tiketi za treni ya kawaida kutoka Padova hadi San Bonifacio, na baiskeli kuukuu ya kumalizia kilomita za mwisho, maana Jumapili basi halikuwepo. Koti usilinunue la bei rahisi. Langu la kwanza liliingiza maji begani siku ile ile.

Sasa shamba. Kwetu Dodoma mizabibu inapita kwenye nguzo na waya, nawe unachuma ukiwa umesimama au umeinama kidogo. Kule vilimani Garganega nyingi imepandishwa juu ya vichanja vya nguzo na waya, mtindo wanaouita pergola. Matawi yanatambaa juu ya kichwa chako, majani yanafunga dari, na vishada vinaning'inia chini yake kivulini. Mzabibu huu una nguvu nyingi, ukiuacha unakimbia na kuzaa kupita kiasi, na kichanja kinaupa nafasi huku kikizikinga zabibu na jua la mchana. Ukipita chini yake Agosti ni pazuri mno, hata picha unapiga. Oktoba, mikono ikiwa juu ya kichwa tangu saa mbili asubuhi, hupigi picha. Mabega yanaanza kuwaka, halafu shingo, halafu vidole vinakataa kukunja mkasi. Mtu mrefu anainama, mfupi ananyoosha. Wa kimo changu anapata yote mawili. Kilichonisaidia ni kubadilisha mkono wa kukatia mara kwa mara na kutazama chini kila baada ya kreti, kama alivyonielekeza mzee mmoja Mmoroko ambaye amechuma huko miaka mingi.

Mzee huyo, kwa njia, hanywi tone. Nimeulizwa na ndugu zetu Waislamu kama kazi hii inawezekana kwao bila kulazimishwa kunywa. Suala la kuigusa kazi yenyewe ni la mtu na dini yake, silisemei. Nisemalo ni kwamba mezani wakati wa chakula cha mchana chupa ilikuwepo, maji yalikuwepo, na hakuna aliyemtazama mwenzake glasi.

Nyigu nao wapo. Zabibu zinapoiva kabisa wanajazana kwenye punje zilizopasuka, na wewe huwaoni kwa sababu kishada kiko juu ya macho yako. Pitisha mkono polepole, gusa jani kwanza. Udongo wa upande wa Monteforte d'Alpone ni mweusi, umetokana na volkano za zamani sana, na mvua ikinyesha unaganda kwenye viatu hadi unatembea kama umefungwa mawe. Upande wa karibu na mji wa Soave kuna vilima vya chokaa, udongo wake una weupe. Wenyeji watakwambia mvinyo wa huku na wa kule una tofauti, nao wanaweza kubishana hilo mchana kutwa.

Hapa ndipo pana jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Shamba lile lile, zabibu ile ile, lina mavuno mawili ndani yake. Sisi wa Dodoma tunajua mavuno mawili kwa maana nyingine: tunavuna karibu na Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba. Kule mzabibu unazaa mara moja kwa mwaka, ila wachumaji wanapita mara mbili. Mpito wa kwanza ni wa kuchagua vishada vya kukaushwa kwa ajili ya mvinyo mtamu uitwao Recioto di Soave. Mpito wa pili unazoa vilivyobaki, vinakwenda kukamuliwa mara moja kuwa Soave wa kawaida. Ni kazi mbili tofauti, zinataka watu wa tabia tofauti, na mara nyingine zinalipwa tofauti. Uliza unaajiriwa kwa ipi.

Mpito wa pili ni wa kasi. Kata, tupa, jaza, sukuma. Trekta linasubiri na kila mtu anapiga kelele. Mpito wa kwanza ni ukimya. Bibi mwenye shamba, mama wa bosi wetu, ndiye aliyekuwa na kauli. Wote tulimwita nonna, yaani bibi, hata wale waliokuwa wanakaribia umri wake. Alinisimamisha chini ya kichanja, akashika kishada, akakigeuza kwenye mwanga.

"Hiki kitalala," akasema. Akashika cha jirani yake. "Hiki kinaondoka leo."

Mimi niliona vishada viwili vinavyofanana. Ikachukua asubuhi nzima kuona alichokuwa anaona. Kishada cha kulala kina punje zilizoachana, hewa inapita katikati. Garganega ina bahati hiyo, vishada vyake ni virefu na vingi havibanani sana. Rangi imetoka kijani, imefika kwenye dhahabu, na upande uliopata jua una madoa ya hudhurungi. Hakuna punje iliyopasuka, hata moja, hasa zile za ndani zisizoonekana mpaka uchungulie. Kikonyo ni kizima. Na baada ya kukata, hukitupi: unakilaza kwenye kreti fupi, safu moja tu, hakuna kishada juu ya mwenzake. Kreti hizo zinabebwa kama mayai.

Kijana mmoja wa kundi letu, mwepesi kuliko wote, alijaza kreti zake haraka na kuzipanga mbili mbili juu. Nonna alizifungua zote, akazimwaga kwenye trekta la Soave wa kawaida bila kusema neno. Kijana akakasirika, akasema zabibu ni nzuri tu. Zilikuwa nzuri kweli kwa siku ile. Ila punje moja iliyobanwa leo ni doa la ukungu baada ya wiki mbili, na doa hilo halibaki peke yake.

Zilizochaguliwa zinapelekwa kwenye chumba cha kukaushia, mara nyingi darini, ambako kuna madirisha pande mbili ili upepo upite. Zamani zilining'inizwa kwenye nyuzi kutoka kwenye dari au kulazwa juu ya mikeka ya matete; kwa nonna kulikuwa na nyuzi chache za kuning'iniza, nadhani kwa mapenzi yake tu, na sehemu kubwa ilikuwa kreti juu ya kreti zenye nafasi kati. Zinakaa humo tangu Oktoba hadi katikati ya baridi. Maji yanapungua, sukari na ladha vinabaki. Uzito unashuka kwa karibu asilimia 40. Desturi yenyewe ni ya kale kuliko mji wenyewe kwa sura uliyo nayo leo: Cassiodorus, aliyekuwa waziri wa wafalme wa Wagothi katika karne ya 6, aliandika barua akiagiza mvinyo wa eneo la Verona kwa meza ya mfalme, na ndani yake akaeleza jinsi zabibu zinavyochaguliwa, kuning'inizwa na kuachwa mpaka majira ya baridi. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka. Ni maelezo yale yale ya nonna, bila matusi.

Mavuno yalipoisha wenzangu waliondoka. Mimi nikaombwa nibaki kwa kazi ya dari siku za Jumamosi, kwa sababu naishi karibu na kwa sababu, alisema bosi, naona punje mbovu. Nikakubali. Kama unatafuta hela ya haraka, usikubali. Saa ni chache na hazijumuishi nauli. Nikitoa treni na chakula, Jumamosi nyingi zilinibakizia pesa ya mboga za wiki. Nilibaki kwa kutaka kujua, na kwa sababu Padova siku hizo ilikuwa inanitisha. Kufika Novemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, ukungu wa bonde la mto Po unalala juu ya kila kitu, na katika chumba changu nilikuwa nahesabu siku za kurudi nyumbani. Juu darini kulikuwa na harufu ya asali na majani makavu, na kuna mtu anayekuita kwa jina.

Kazi yenyewe inachosha kwa namna ya pekee. Unachukua kreti, unageuza kila kishada, unatoa punje zilizooza kwa mkasi mdogo, unarudisha. Kreti inayofuata. Vidole vinanata mpaka huwezi kushika simu. Unajifunza madirisha: siku ya upepo mkavu yanafunguliwa, siku ya ukungu yanafungwa yote, na usiku wa mvua kuna mtu anaamka kwenda kuhakikisha. Siku hizi wengi wana feni na mashine za kupunguza unyevu, na hapo pia zilikuwepo, lakini umeme ni ghali na bosi alikuwa anaziwasha kwa kuhesabu dakika.

Kuvu ndio mtihani mkubwa. Kuna ukungu wa kijivu, Botrytis cinerea, ambao kwenye zabibu iliyolowana ni uozo mtupu: unaona vumbi la kijivu, unanusa uvundo, unatupa. Lakini kuvu huyo huyo, akija taratibu kwenye punje iliyokwisha kukauka kiasi na ngozi ikiwa nzima, anaifanya iwe ya zambarau iliyofifia, iliyosinyaa, na humo ndani sukari inakolea na kuja ladha ya asali ambayo wenye kutengeneza Recioto wanaitaka kwa kiasi. Kutofautisha kwa macho hakutoshi. Nonna alinusa. Akiwa na shaka alionja punje, akatema. Nami nikawa nafanya hivyo, na kwa kweli ulimi unajua kabla ya macho: ile mbovu ina ukali wa siki na uvundo wa nguo iliyolowa ikasahaulika.

Tulipokuja kukamua, baridi ilikuwa imeshakomaa. Kreti zilizojaa dari zima ziliingia kwenye mashine, na kilichotoka kilikuwa kidogo mno, kizito, rangi ya chai nyepesi. Kwa kilo 100 za zabibu zilizotoka shambani usitegemee kupita lita 40 za mvinyo. Unachachuka polepole kwa sababu ya baridi na sukari nyingi, hamira zinachoka, na unasimama ukiwa bado mtamu. Kisha unakaa kwenye mapipa. Ndiyo maana unauzwa kwenye chupa ndogo, nusu lita au pungufu ya hapo, na ndiyo maana bei yake ni ile. Verona wanaunywa Krismasi pamoja na pandoro, ile keki yao ndefu yenye umbo la nyota, au na jibini yenye ukungu wa buluu. Mimi naupenda na jibini. Utamu na chumvi vinagombana vizuri.

Soave wa kawaida ni kitu kingine: mkavu, mwepesi, una harufu ya maua na tofaa, na mwishoni kabisa unaacha uchungu mdogo wa lozi. Unanyweka na samaki wa ziwa Garda, na risoto, na mboga. Upande wa mashariki, Gambellara katika mkoa wa Vicenza, Garganega hiyo hiyo inatoa mvinyo mkavu, Recioto, na hata vin santo, mvinyo mwingine mtamu wa zabibu zilizokaushwa. Makapi baada ya kukamua yanakwenda kutengenezewa grappa, pombe kali ya Waitalia. Hakuna kinachotupwa isipokuwa kile tulichotupa sisi darini.

Nilishangaa kumsikia bosi akilalamika bei kwa maneno yale yale ya baba yangu. Soave ilipata hadhi ya kisheria mwaka 1968, na miaka iliyofuata iliuzwa Marekani kwa wingi ajabu. Mashamba yakashuka kutoka vilimani hadi bondeni, ambako Garganega inazaa inavyotaka, na mvinyo ukawa mwembamba, wa bei ya chini. Jina likachuja. Waliolirudisha ni wale waliokataa mavuno makubwa: Leonildo Pieropan alianza kutenga mvinyo wa kilima kimoja, Calvarino, mwaka 1971. Roberto Anselmi yeye alichoka na kanuni, akaacha kabisa kutumia jina la Soave mwaka 2000. Recioto ilipewa daraja la juu kabisa la kisheria mwaka 1998, Soave Superiore mwaka 2001. Na mwaka 2018 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa liliviingiza vilima hivyo kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani, orodha ile ile iliyo na vihamba vya Shimbwe Juu, Kilimanjaro. Nilipomwambia bosi kwamba yupo orodha moja na migomba ya Wachagga aliniomba nimwonyeshe picha, na akaitazama picha kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea: alitaka kujua nani anapogoa.

Nyumbani walikuwa wanafuatilia. Jumapili moja nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo zabibu yenu inayolala imeamka?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali nililokuwa nalisubiri: je, naweza kumletea vipando vichache kwenye begi?

Hapana, na hili nalisisitiza kwa sababu si yeye peke yake aliyeniomba. Veneto ina ugonjwa wa mizabibu uitwao flavescence dorée, unaenezwa na mdudu mdogo arukaye, na shamba likiambukizwa mizabibu inang'olewa. Kipande cha mti hakionyeshi ugonjwa kwa macho. Vipando vinaingia nchini kwa vibali na ukaguzi kupitia mamlaka ya afya ya mimea, si katikati ya soksi. Na hata vikiingia kihalali, Garganega ni mti wa msimu mmoja mrefu wenye baridi ya kulala. Ukiupeleka kwenye joto letu la kuvuna mara mbili, sioni kwa nini uache kuchanganyikiwa. Dodoma tayari tuna Chenin Blanc, zabibu nyeupe inayotoa mvinyo mtamu wa heshima kwingine duniani. Tuanzie hapo.

Kukausha nako hakuhami hivi hivi. Agosti yetu ni kavu na ina upepo. Kinachochukua miezi darini kwa nonna, kwetu kingechukua siku chache, na utapata zabibu kavu za kutafuna kabla ladha haijapata muda wa kubadilika. Pengine chumba cha udongo, kivuli kizito, usiku wa baridi wa Juni na Julai kama mavuno yangepangwa hivyo kwa kupogoa. Hayo ni ya kujaribiwa na watu wenye vipimo, pale Makutupora kuna kituo cha utafiti.

Kinachohama bila gharama ni kreti fupi na mkono wa kuchagua. Baba alivipenda vyote viwili. Msimu uliofuata akaacha kutumia viroba na ndoo kwa vishada vizuri, akaagiza wachumaji wapite mara mbili. Zabibu zikafika kwa mnunuzi nzima, hazijatoa maji. Mnunuzi akazimwaga zote kwenye mzani mmoja na za majirani, bei moja kwa kilo, na gharama ya mpito wa pili ikamkalia baba. Kwa mkulima wa Soave uchambuzi unalipa kwa sababu chupa ya Recioto ipo mwisho wa safari. Kwetu hiyo chupa haipo bado.

Kwa sasa vishada vilivyochaguliwa mama anavikausha kwenye kichanja chini ya kivuli cha nyuma ya nyumba, anavifunga kwenye pakiti na kuwauzia wasafiri wa mabasi. Vinatoka vizuri kuliko nilivyodhani, na faida yake kwa kilo inaipita ile ya mzani. Nimeshaanza kuzungukia viwanda vidogo vya mvinyo pale Dodoma mjini nikiuliza swali moja: mtapokea zabibu zilizochambuliwa kwa bei tofauti? Viwili vimesema nirudi Agosti nikiwa na sampuli.